Upande wa Kushoto wa Barabara

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Sina anwani yako. Namba yako ya zamani siku hizi inapokelewa na mwanamke mmoja wa Likasi, na amechoka na mimi. Mara ya mwisho aliniambia, "Mama, uyu yaya yako alishakuachaka. Na weye umwache." Labda ana haki. Lakini mimi si mtu wa kuacha, unanijua, kwa hiyo nimesukuma cherehani pembeni, nimechukua daftari la vipimo vya wateja, na nakuandikia kwenye kurasa za nyuma. Nina hasira na wewe, nikuambie mapema. Na nina woga, kwa sababu leo ni Ijumaa, na keshokutwa baada ya misa mtoto wako Bea anaingia barabarani na gari yako nyekundu.

Unakumbuka siku uliyoileta? Ilitoka upande wa Zambia, usukani uko kulia, na sisi huku tunapita kulia, kwa hiyo dereva anakaa karibu na mtaro kuliko katikati ya njia. Wanaume wa avenyu yetu pale Dilala walicheka hadi wakashika ukuta. "Iyi motoka ni ya kuangalia mutaro!" Kila mtu mwenye gari ya namna hiyo humpelekea fundi ahamishe usukani. Wewe ulikataa. Ulisema usukani ukae palepale, kazi iko kwenye motere, kwenye injini yenyewe.

Basi ukaanza kuivua nguo. Kiti cha nyuma ulikitoa, Mama akakiweka barazani, na mpaka leo wateja wangu wanakaa juu yake wakingoja gauni. Ukatoa zulia, ukatoa ngozi za milango, ukatoa hata mlango wa kile kisanduku cha kuwekea karatasi. Ukakata bomba la moshi. Ukabadilisha kabureta, ukaweka sahani ya klachi ngumu hivi kwamba Mama alipojaribu kuikanyaga alisema hata mashine za mgodini haziko hivyo. Ilipowaka mara ya kwanza, kuku wa jirani waliruka ukuta wakaenda kulala kwa watu wengine.

Mimi ndiye niliyekuomba unifundishe, sitakubebesha hilo. Nilikuwa nimechoka kushona sare za shule. Wewe ulinitazama mkono. Unajua Mama alivyohangaika na mkono wangu wa kushoto, alivyoufunga kwa kitambaa nikiwa mdogo ili nile na kuandika kama watu. Ukacheka, ukagusa fimbo ya gia, ukasema, "Vitesi iko ku kushoto, na weye uko wa kushoto. Iyi motoka ilikuwa inakutafuta weye." Hakuna mtu aliyewahi kuusifu mkono huo kabla yako. Nilikupenda siku ile kuliko siku zote, na nakuambia wazi, kwa sababu baadaye nitakuambia mengine.

Hukunianzishia garini. Ulinikalisha kwenye cherehani, ukaniambia nikanyage pedali polepole mpaka gurudumu litake kuzunguka, lakini lisizunguke. "Papo hapo," ukasema. "Njo pale. Klachi iko vile vile. Inauma kwanza, kisha inaenda." Nilirudia siku tatu bila kushona hata mshono mmoja. Halafu tukaenda uwanja wa shule, Jumamosi mchana, nikaizima gari mara ishirini mbele ya watoto waliokuwa wanahesabu kwa sauti.

Ulifunika mishale yote ya dashibodi kwa kitenge cha Mama. Ulitaka nibadilishe vitesi kwa sikio na kwa makalio, kama ulivyosema mwenyewe, na Mama akakukemea kwa neno hilo. Nilijifunza kusikia. Motere inapanda, inapanda, inafika mahali inaanza kulia kwa pua, na kabla haijamaliza kulia unapiga klachi, mkono unashuka, mguu hautoki kabisa kwenye mafuta. Siku moja nilitoka ya pili nikitafuta ya tatu, nikaingiza ya kwanza. Gari ililia mlio ambao sijausahau. Hukunigombeza. Ulishuka, ukaizunguka, ukarudi dirishani. "Umemuumiza. Umuambie pole." Na mimi mtu mzima, mama wa watu, nikaiambia gari pole.

Halafu ukanipeleka kwenye barabara ya Musonoi.

Wewe unaijua, lakini huenda barua hii ikasomwa na wengine ambao hawajafika huku, niwaeleze. Ni barabara ya lami iliyonyooka, inapita kando ya cité, mtaa wa makazi, na Jumapili malori ya madini hayapiti. Watu wakitoka misa wanajipanga pembeni na viti vyao. Gari mbili zinasimama sambamba, moja upande wa kushoto, moja wa kulia. Mama anayeuza mikate anaficha kizibo cha chupa katika mkono mmoja; atakayekisia mkono wenyewe ndiye anachagua upande. Kisha anaangusha kitambaa chake cha kichwa, na gari zinaondoka mpaka kule kwenye kichuguu kikubwa cha pembeni na kukipita. Ni nusu dakika tu, na watu wanaizungumza wiki nzima.

Na kila Jumapili, kabla ya gari ya kwanza, wewe ulienda kwenye kichuguu, ukalala kifudifudi juu ya lami na suruali yako ya misa, ukaweka sikio chini. Ulikaa hivyo dakika moja, mbili. Ukaamka, ukajipangusa, ukarudi. Watu walisema ni dawa ya kwetu kaskazini. Kwa kuwa ulikuwa unashinda, wengine wakaanza kuiga. Baada ya muda madereva wote walikuwa wanalala pale kabla ya kukimbia, kila mtu na sikio lake kwenye lami, na hakuna hata mmoja aliyejua anasikiliza nini. Mimi pia nililala. Nilisikia kama mtu anagonga mlango mbali sana. Nikadhani ni moyo wangu.

Tena ulikuwa unachukua kushoto. Siku zote kushoto. Ukikisia kizibo, kushoto. Usipokisia, ulikuwa unamtania mwenzako mpaka akuachie. "Mi niko na bahati ya kushoto," ulisema, na watu wakacheka, kwa sababu ulikuwa unajua kuchekesha.

Jumapili yangu ya kwanza nilipangwa na Fiston. Kijana mrefu, fundi wa redio, mtoto pekee wa mama yake, mwenye gari ya bluu aliyoipaka kwa brashi. Yeye alikisia kizibo na akachagua kushoto. Nikaja kukuambia niko kulia, sina shida, mimi nakimbia popote. Uso wako ulibadilika. Ulinivuta nyuma ya gari, ukanishika mkono ukaniumiza.

"Mwambie mubadilishane."

"Juu ya nini?"

"Mwambie tu, mudogo."

"Mi siendi kulomba-lomba kama mutoto. Sema juu ya nini."

Ndipo ukaniambia. Uliniambia kwa sauti ndogo, ukitabasamu, ili watu waone tunapanga mashindano. Kwamba ile nyumba uliyopangisha Musonoi, ile uliyosema ni ghala la vipuri, chumba chake cha nyuma kina shimo chini ya turubai. Kwamba wewe na wenzako watano mlikuwa mnachimba humo tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, mnafuata mshipa wa madini, na mshipa umeingia chini ya barabara. Kwamba mlikubaliana msivuke mstari wa katikati. Upande wa kushoto mmeuacha bulongo, udongo mgumu, usimame kama ukuta na kushikilia. "Kushoto iko nzima, mi naapa. Kulia pale ku kichuguu, iko tumbo wazi. Itakamata, bado itakamata. Lakini weye usipite pale."

Kumbe kabureta ilitoka humo. Na klachi, na bomba, na yale magurudumu mapya uliyoyaosha kwa sabuni ya uso. Wiki nzima ulikuwa unaitoboa barabara, na Jumapili unakuja kuisikiliza kama inaweza kukubeba. Na ukilala pale, ulikuwa unasikiliza kama wenzako wameanza kula ukuta bila wewe.

Yaya, nilikuwa na nafasi ya kusema. Palikuwa na watu wengi pale, waliotoka kumpokea Bwana dakika chache kabla, mimi nikiwa mmoja wao. Ningepiga kelele tu. Lakini nilikuwa nimevaa shati jekundu nililojishonea kwa ajili ya siku ile, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa unawasha kwa hamu. Nikaenda kwa Fiston. Nikamwambia jua linaniumiza macho upande ule, kama anaweza kunihurumia tubadilishane. Jua lilikuwa nyuma yetu. Yeye hata hakugeuka kuliangalia. Akasema, "Hakuna shida, mama. Weye chukua."

Barabara ilikamata, haikubomoka. Nilimshinda kwa urefu wa boneti, na nilishuka nikicheka, na wewe ulinibeba juu. Hicho ndicho ninachokichukia kuliko vyote, kwamba nilikuwa na furaha ya kweli. Nilikimbia Jumapili nyingine nne, kila mara nikaomba kushoto, mara jua, mara vumbi, mara nimeota vibaya. Wakaanza kuniita Mama Kushoto.

Halafu ikanyesha wiki nzima. Jumapili ile jua lilitoka, lami ikawa inang'aa, na wewe ulilala chini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ulipoamka ulisema kwangu tu, "Leo tusikimbie." Tulisingizia klachi. Sisi wawili tukakaa pembeni kwenye viti kama watazamaji, Yaya, tukala mikate. Fiston alipangwa na kijana mwingine. Kizibo kilimpa haki ya kuchagua, akachagua kulia. Alikwisha kuzoea kulia, kwa ajili yangu.

Sikusikia kishindo. Niliona gari ya bluu ikifika kwenye kichuguu, na pua yake ikainama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha haikuwepo. Kijana wa kushoto aliendelea mpaka mwisho, akashuka akinyoosha mikono, akishangaa kwa nini hakuna anayemshangilia. Walimtoa Fiston kwa kamba za wachimbaji. Alikuwa bado anapumua walipomfunga kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, na alipofika hospitali alikuwa hapumui tena. Watu wote walisema mvua. Na sisi tukasema mvua.

Siku iliyofuata Mama Fiston alikuja kwangu na kitenge cha kilio, nikiwa fundi wake tangu zamani. Nilimpima mabega, kifua, mikono. Alikuwa anatetemeka hivi kwamba tepu haikutulia, akaniambia, "Samahani, mama, nakusumbua." Vipimo vyake viko katika daftari hili hili, kurasa chache kabla ya barua yako. Nilishona nguo ishirini na mbili za familia ile, na sikukosea hata pindo.

Wewe ulikaa kilioni siku moja. Ya pili ulipanda basi la Kasumbalesa, la mpakani, ukaniachia ufunguo wa gari na mtoto wa miaka kumi na tano. "Nitapiga simu." Miaka minne sasa. Bea hakulia mbele yangu. Aliingia akakaa ndani ya gari yako pale uani siku nzima, mikono kwenye usukani.

Na mimi nikamlea na uongo. Alipouliza, nilimwambia baba yake alikuwa dereva asiyeshindwa, kwamba barabara ya Musonoi ilikuwa yake, kwamba upande wa kushoto ndio ulikuwa bahati yake. Ningemwambia nini? Mtoto alihitaji baba wa kumtaja shuleni. Nilimpa baba aliyeshonwa vizuri, na sasa ananirudishia. Ameifufua gari mwenyewe, pole pole, na fundi wa jirani akimwelekeza. Ana sikio lako. Jumatatu alikuwa anapasha motere joto uani na mimi nilikuwa nakata kitambaa, na nilijua kwa mlio tu kwamba anaijua klachi kuliko nilivyoijua mimi. Nilijivuna, Mungu anisamehe. Kisha akaniambia Jumapili anakimbia na Patu, msichana wa Manika. "Barabara ya papa. Na nitalomba kushoto, upande wa papa."

Shimo la Fiston walilijaza mawe siku zile, wakapiga lami juu, na watu wakarudi. Lakini ile nyumba yako ya turubai ilipangishwa tena, kwa wachimbaji wengine. Jumanne nilichukua pikipiki mpaka Musonoi, saa nane mchana, nikangoja malori mawili yapite, nikalala chini karibu na kichuguu, mwanamke mzima na gauni. Watu wa pikipiki walinipigia honi. Upande wa kulia, kimya. Nikavuka mstari, nikaweka sikio kushoto. Wanagonga, Yaya. Wako karibu. Nilisikia hata mtu anakohoa. Ule ukuta mliouacha ninyi, hawa wanaula, maana makubaliano yalikuwa yenu, hawakuyakuta yameandikwa popote.

Nilienda kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Alinisikiliza akinikaribisha vizuri, kisha akasema, "Mama, Musonoi yote iko wazi chini. Tufunge njia ngapi?" Nikarudi nyumbani nikaficha ufunguo; Bea aliuona ndani ya mkebe wa vifungo. Nikachomoa waya wa betri. Akaurudisha akiwa anaimba. Nikamwambia barabara ile ni mbaya, na yeye akanibusu kichwani, mimi shangazi yake. "Tantini, kila siku unasema. Papa alipita pale mara ngapi? Alianguka?"

Basi leo asubuhi nilimkalisha kwenye kiti cha barazani nikamwambia yote. Shimo chini ya turubai, mstari wa katikati, jua lililokuwa nyuma yetu. Nilisema jina la Fiston mara nyingi, ili nisiweze kulikwepa. Nilijiandaa kwa kila kitu. Nilidhani atanipiga, au atakimbia, au atasema hatanisamehe mpaka kufa, na ningekubali lolote kati ya hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, akiangalia mkono wangu wa kushoto. Kisha akauliza maswali yake, taratibu, kama fundi.

"Kulia balijaza mawe?"

"Balijaza."

"Na ulisikiliza, hakuna kitu ku kulia?"

"Hakuna."

"Bon," akasema. "Basi mi nitakamata kulia. Patu anapenda kushoto. Nikipewa kushoto, nitamwambia tu tubadilishane, hata hatauliza."

Alisema hivyo, akitabasamu kidogo, kwa sauti yako ile ndogo ya nyuma ya gari. Kisha akainuka kwenda kupima upepo wa magurudumu. Nilikuwa nimeogopa kwamba barabara itammeza. Sikuwa nimeogopa hili.

Sina la kumkataza. Mimi ndiye Mama Kushoto. Kwa hiyo nimeandika haya siku nzima, na yalianza kama barua yako, lakini nimeyanakili mara tatu na hayataishia kwako. Moja naipeleka Manika jioni hii, mkononi mwa Patu. Nyingine nimemwomba mama wa mikate aibandike pale wanapopanga gari. Ya tatu nitaisoma mwenyewe Jumapili, nikiwa nimesimama penye kichuguu, katikati ya njia, hata magari yaje. Mama Fiston huwa anakaa upande ule, kwenye kiti chake, kila Jumapili tangu siku ile, akiangalia mahali pale. Nitasimama ambapo atanisikia.

Bea atanichukia. Labda watanipiga, labda nitalala polisi, labda na wewe watakutafuta, na kama watakupata usiseme nilikuuza, maana nimejitaja kwanza. Ukisikia popote ulipo kwamba dada yako ameongea, usipige simu kuniuliza kwa nini. Mpigie mtoto wako. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kile ulichokuwa unasikiliza.

Kaa na Mungu, kama bado mnasemezana. Ninakukumbuka, na ninatamani nisingekukumbuka.

Mimi, mudogo wako,
niliyemwambia Fiston kwamba jua linaniumiza macho.